Pori Nililolifagia

Mimi najua kufagia. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asidhani naandika kwa kujidharau. Mpaka leo, na magoti yangu haya yanayolia kama mlango wa zizi, ukinipa uwanja na fagio nitakurudishia uwanja ambao unaweza kumwaga unga chini, ukauzoa, ukapika ugali na usitafune mchanga. Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma kwangu ni kwa kuvizia, na herufi zangu mjukuu wangu anazicheka, anasema zinapishana urefu kama watoto kwenye foleni ya uji. Sawa. Lakini kwenye kufagia mnakuja nyuma yangu wote.

Nilifundishwa na mama mkwe. Nilipoletwa kwenye mji huu, jirani na Kinyangiri, siku ya tatu alfajiri alinisimamisha mlangoni, akanipa fagio la vijiti, akasema, "Nikitaka kujua kama mwanangu ameoa mtu au ameoa mzigo, naangalia uwanja jua likichomoza." Akaenda zake kukamua. Akarudi na kibuyu chake cha maziwa. Alitembea katikati ya uwanja, akageuka kuziangalia nyayo zake mwenyewe juu ya mistari ya fagio langu, akaguna. Mguno ule ndio cheti changu cha ndoa. Cha karatasi sina.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kilima cha mawe makubwa, na kwenye mteremko wake kuna pori. Si msitu wa serikali. Ni pori letu, ekari chache ambazo baba mkwe alizikataza zisikatwe: migunga, mikwaju, na mininga ya kuhesabu. Pori linapoishia ndipo mashamba yanapoanza, kwa hiyo mvua ikinyesha juu, maji hupita kwanza porini halafu ndiyo yanashuka shambani. Mume wangu alipenda kukaa mle. Alitundika mizinga miwili kwenye mgunga mkubwa, na mchana wa jua kali ungemkuta chini yake anachonga mpini wa jembe, anapiga mluzi vibaya.

Sasa, ilikuwaje mtu mwenye akili zake akaanza kufagia pori?

Ni kwa sababu ya nyoka. Mwanangu wa kwanza, ambaye leo ni baba wa watu mwenye ndevu na sauti nzito, wakati huo ndiyo kwanza anasimama kwa kushika vitu. Nilimweka chini ya mkwaju nikaenda hatua kumi kuokota kuni. Nikasikia anacheka. Nageuka, namwona ananyoosha mkono kwenye majani makavu, na ndani ya majani yale kuna kifutu mnene kama mkono wangu, amejikunja, rangi yake na rangi ya majani ni moja. Sijui nilifikaje. Nakumbuka jembe, nakumbuka kelele, na kelele zilikuwa zangu, maana mtoto aliendelea kucheka mpaka nilipomkwapua.

Kesho yake nilifagia chini ya mkwaju ule. Keshokutwa chini ya mkwaju wa pili. Mwezi haujaisha nimeshafagia pori zima mpaka kwenye mawe.

Tangu hapo ikawa desturi yangu. Kila kiangazi, majani yakishadondoka, naingia na fagio langu. Nakusanya malundo, nayatia moto. Vimiti vidogo vilivyojichomoza katikati ya miti mikubwa navyo nang'oa, kwa kuwa vinakwamisha fagio. Watu walikuwa wakipita njiani wanasimama kuangalia. Siku moja ulifanyika mkutano wa kijiji kuhusu mazingira, na kiongozi mmoja aliyetoka mbali, mwenye viatu vyeupe kwa vumbi, alinyoosha kidole kuelekea kwetu mbele ya wote akasema, "Mnaliona pori lile? Lile ndilo pori safi! Mwenye lile pori ni nani?" Nikasimama. Nilipigiwa makofi. Neno hilo nilikula nalo na kulala nalo kwa miaka. Ukija kwangu kuomba chumvi, kabla hujaondoka nilikuwa nimeshakukumbusha habari ya mkutano ule.

Na mwanzoni shamba lenyewe lilinikubalia. Mwaka wa kwanza nilipochoma, majivu mengine niliyachota nikayamwaga shambani, mengine mvua iliyashusha yenyewe. Mtama ulikuja kwa fujo. Alizeti zilinipita kichwa, nikawa natembea ndani yake naona mbingu kwa vipande. Nikasema, tazama usafi unavyozaa. Mwaka wa pili zilikuja vizuri. Wa tatu, si vibaya. Baada ya hapo sikumbuki tena mwaka upi ulikuwa mzuri, nakumbuka tu nilimlaumu nani. Nililaumu mvua. Nililaumu mbegu. Nililaumu ndege. Kuna mwaka nilimlaumu jirani aliyepita shambani akaniambia "hongera" kwa sauti ambayo sikuipenda. Fagio halikuwahi kunijia akilini. Ungelaumuje kitu kilichokupatia makofi?

Mwanangu alipooa, alioa Mnyaturu kutoka upande wa Ikungi, binti mrefu anayecheka kwa sauti na asiyeogopa mtu. Mume wangu, wakati huo bado mzima, akawagawia nusu ya pori na nusu ya shamba lililo chini yake. Mpaka ukawa njia ya mbuzi inayopanda kilimani. Kushoto kwangu, kulia kwao.

Uwanja wake mkamwana wangu aliufagia, sitasema uongo. Uliridhisha. Lakini pori lake hakuligusa. Majani yalidondoka yakakaa. Mengine yakadondoka juu ya yale. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na mimi nikiinama na fagio langu upande wa pili wa njia ya mbuzi namwona anapita na kuni kichwani, majani yanamfika kwenye vifundo vya miguu, hana habari.

Nikamwita.

"Mwanangu, kule porini kwako fagio halijafika?"

"Halijafika, mama."

"Limepotea njia?"

"Hapana, mama. Kule inakaa miti. Miti haipokei wageni."

Akacheka, akaenda zake. Jioni ile nilikwenda kisimani na ndoo ambayo sikuihitaji, kusudi nipate mtu wa kumwambia kuwa mwanangu ameoa mvivu.

Tatizo la mvivu yule ni kwamba shamba lake lilinenepa. Mwanzoni hukuweza kutofautisha. Baadaye uliweza ukiwa karibu. Mwishoni uliweza ukiwa barabarani: upande wa kulia wa njia ya mbuzi vichwa vya alizeti kama sinia za harusini, upande wa kushoto, kwangu, kama vifuniko vya chupa ya chai. Mvua ni ileile. Mbegu tulitoa kwenye mfuko mmoja. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo hata wa kunituliza sikuwa naye.

Nikaamua kwamba ananiibia samadi. Zizi la ng'ombe ni langu, na yeye ana mbuzi watatu, na mbuzi watatu hata wakinya kutwa kucha hawawezi kunenepesha shamba lile. Nikamtega. Nililifagia eneo lote kuzunguka lundo la samadi, mistari yangu ile mizuri, ili nyayo zake zionekane. Asubuhi nikakuta nyayo za kuku. Siku ya pili, kuku. Siku ya tatu nikakuta nyayo za mtu, nikaweka mguu wangu juu yake kulinganisha. Zilikuwa zangu.

Kisha ukaja ule mwaka ninaotaka kuusimulia, na si zamani.

Tulikuwa tumemaliza kuvuna, na mavuno yangu hayakustahili hata kutajwa. Mwanangu alikuja mchana, akanisalimia, akakaa kwenye kigoda, akala ugali wa mtama na mlenda mpaka sahani ikang'aa. Ninamjua. Akila hivyo bila kusema, ana neno.

"Mama, nataka tuongee habari ya pori lako."

"Pori langu limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Ndiyo shida yenyewe."

"Eleza, usinizungushe."

Akanawa mikono taratibu. "Miti yako imezeeka, mama. Na haina watoto. Mle ndani ukitembea mwanzo mpaka mwisho hukuti hata mche mmoja wa kukufika goti. Ile mikubwa imeanza kukauka kwenye vilele, umeona? Itaanguka mmoja mmoja, itaoza bure. Bora niikate ingali na uzito, tuchome mkaa, ning'oe visiki, tulime alizeti mpaka kule juu kwenye mawe."

"Ulime alizeti kwenye udongo gani? Wa huku chini wenyewe umeshinda watu."

"Umekushinda wewe, mama."

Mtoto niliyemwokoa na kifutu ananiambia shamba limenishinda. Halafu nikamwambia kwamba mizinga ya baba yake bado imening'inia kwenye mgunga mkubwa. Akasema nyuki walishaihama zamani. Nikamwambia babu yake alikataza. Akasema babu yake hakuliona shamba hili lilivyo sasa. Nikamwambia atakapokuja na shoka anikute nimekaa kwenye shina. Akacheka kidogo, kwa huzuni, akanishika bega.

"Basi tufanye hivi. Nakupa msimu mmoja. Shamba lako likitoa nusu ya magunia ya mke wangu, sigusi mti. Lisipotoa, baada ya mavuno naingia na shoka, na wewe hukai kwenye shina."

"Nusu tu? Unanidharau."

"Nakupenda, mama. Ndiyo maana nimesema nusu."

Tukapeana mikono kama watu wazima.

Nilikaa na neno lile. Septemba nikafagia pori langu kama kawaida, vizuri kuliko miaka yote, kana kwamba miti itapimwa kwa usafi. Malundo yakawa tayari kungoja kiberiti. Nakumbuka nilipumzika juu ya jiwe, nikaangalia sakafu yangu ile nyekundu, inang'aa, haina hata jani, nikajisikia vizuri. Halafu nikainua macho kwenye vilele vya migunga. Mwanangu hakusema uongo. Vilikuwa vinakauka.

Oktoba, siku mkamwana wangu alipokwenda mnadani, nikaamua kwenda kumpeleleza. Samadi hajaiba, sawa, lakini lazima kuna kitu. Nikashika fimbo ndefu kwa ajili ya nyoka, nikavuka njia ya mbuzi, nikaingia porini kwake.

Mguu ukazama. Hicho ndicho kitu cha kwanza. Nilikanyaga nikazama kama mtu aliyekanyaga godoro la mwenzake. Cha pili ilikuwa harufu, harufu ya mvua, na mvua hatukuwa tumeiona tangu Aprili. Nikapiga fimbo huku na huku, hakuna nyoka, nikachuchumaa nikaanza kufukua kwa vidole. Juu majani makavu. Chini yake majani yaliyovunjikavunjika, ya kahawia. Chini yake hujui tena kama ni jani au ni udongo. Na chini kabisa udongo mweusi, wa baridi, mlaini, una nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui, na vijongoo vinakimbia kama watu waliofunuliwa nguo. Nikauminya ukabaki na alama za vidole vyangu.

Nikarudi kwangu, hatua ishirini tu. Nikachagua mkwaju wa ukubwa uleule, nikachomeka kidole. Hakikuingia. Nikaleta jembe, nikatia ncha yake, ikatoa mlio wa sufuria. Nilipobandua kipande, kilikuwa chekundu juu, chekundu katikati, chekundu chini, kikavu kama kigae, na ndani yake hamna mdudu hata mmoja. Hata mchwa walishahama. Nikakumbuka kwamba mvua ikinyesha, maji ya kwangu hayazami, yanatelezea juu kama kwenye bati, yanaingia shambani kwa kasi, yanachukua yalichokikuta na kuondoka nacho.

Nilisimama kwenye njia ya mbuzi, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Nikatukana. Nilitukana Kinyiramba, maana kwa matusi Kiswahili changu bado hakijakomaa.

Mwenye busara angekaa akafikiri. Mimi nilikwenda nyumbani nikachukua kiroba, nikarudi porini kwa mkamwana wangu, nikajaza ule udongo mweusi na majani yake yaliyooza, nikajitwisha, nikaumwaga kwenye kona ya juu ya shamba langu. Kesho yake nikamvizia alipokwenda kisimani, nikachukua tena, mara mbili. Siku ya tatu nilikuwa natoka na kiroba kichwani, shingo imekaza, nasikia nyuma yangu:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu bila kugeuka. Na kiroba kile ungegeukaje?

"Umebeba nini?"

"Majani ya mbuzi."

"Mbuzi wako siku hizi wanakula udongo?"

Kiroba kilikuwa na tundu. Nilikuwa nimechora mstari mweusi kutoka porini kwake mpaka miguuni pangu. Nikakitua. Nikakaa juu yake. Yeye alikuwa amefuata kuni, akatua panga lake, akakaa chini mbele yangu kwenye vumbi, ananiangalia, na midomo yake inahangaika kuzuia kicheko.

"Mama, ungeniomba tu."

"Nikuombe wewe? Niliyekuita mvivu mpaka kisimani?"

"Nilisikia."

"Nani alikuambia?"

"Wote, mama. Hakuna aliyenificha."

Basi tukacheka. Nilicheka kwa aibu, yeye alicheka kwa haki yake. Halafu akaacha kucheka.

"Ulichochukua, chukua. Ila usirudie. Ukichota hapa ukapeleka kule, hapa nako patabaki mifupa, tutakuwa na mashamba mawili yenye njaa. Miti yako ina majani yake. Huwa unayapeleka wapi?"

"Si nachoma."

"Na ule moshi unakwenda wapi?"

"Juu."

"Juu wapi, mama! Mbolea yako kila mwaka inapanda inakwenda Kinyangiri bila nauli. Wewe unabakiwa na majivu. Majivu yanafaa, sikatai, lakini upepo unayamaliza, na yanayobaki mvua ya kwanza inayakokota mpaka barabarani. Mti unakula jani lake mwenyewe. Linaoza, linarudi mizizini, na maji yakishuka yanapitia mle, yanaliletea na shamba. Wewe umekaa miaka yote unaondoa chakula mezani watu hawajala."

"Nani amekufundisha maneno haya? Bwana shamba?"

"Bibi yangu. Yeye alikuwa mvivu kweli kweli."

Nilimwangalia mtoto yule wa watu. Nikamwambia, "Mumeo asijue."

"Nitamwambia nini? Kwamba mama yake ni mwizi wa uchafu?"

Tulianza siku hiyohiyo. Malundo yangu yote, yaliyokuwa yanangoja kiberiti, tukayatawanya tena chini ya miti. Siku mbili nzima natupa chini nilichokiokota kwa wiki tatu. Kama hujawahi kuwa mfagiaji huwezi kuelewa. Mikono ilikuwa inaniwasha. Kila lundo nililolimwaga nilimsikia mama mkwe, ila si kwa mguno ule mzuri. Mbuzi tuliwazuia kwa matawi ya miiba. Mkamwana wangu akaniletea mabuti ya mvua, ya kijani, makubwa kuliko miguu yangu, akasema, "Ya kifutu." Nikajua mwanangu alishamsimulia habari nilizomsimulia yeye.

Majirani hawakunihurumia. Jirani yangu wa ng'ambo, bibi mwenzangu niliyemsimulia habari ya makofi mara nyingi kuliko wote, alisimama njiani akashika kiuno.

"Bibi, fagio limekushinda?"

"Limestaafu."

"Na lile pori safi la mkutanoni?"

"Nalo limestaafu. Wewe nenda ukapike."

Mvua zilikuja Desemba. Maji ya kwanza kutoka porini kwangu, ambayo siku zote yalishuka mekundu na haraka, yalichelewa. Nilisimama mlangoni na gunia kichwani nayangoja kama mtu anayengoja mgeni. Yalipokuja yalikuja polepole na kidogo. Nikafurahi. Lakini sitaki kudanganya kwamba shamba lilifufuka. Msimu mmoja ni kidogo. Udongo nilioushindisha njaa miaka hiyo yote usingeshiba kwa miezi sita. Alizeti ziliota nyembamba, za kijani cha njano, kama miaka yote. Isipokuwa kona ya juu. Pale nilipomwaga viroba vyangu vya wizi, kipande cha ukubwa wa nyumba mbili, zilisimama ndefu, nene, majani mapana, zinawaangalia wenzao kwa juu. Ilikuwa kama umebandika kiraka kipya kwenye kanga iliyochakaa. Mtu yeyote angekiona. Mwanangu alikiona. Hakuuliza, lakini alikuwa akipita pale anapunguza mwendo.

Siku ya kupura walikuja majirani kusaidia, kama tunavyosaidiana. Tukapiga vichwa kwa fimbo, tukapepeta, tukajaza. Magunia ya mkamwana wangu yalikuwa kumi. Yangu manne, na debe mbili juu.

Nilihitaji matano. Wakati watu wanakunywa uji, mkamwana wangu akanisogelea akiwa anajifanya anafunga mdomo wa gunia.

"Mama, gunia moja likihamia upande wako, nani ataona?"

"Acha. Wizi wa mwaka huu nimeshaufanya."

Mwanangu akaja akasimama mbele ya magunia yangu. Hakuwa na furaha, lazima niseme. "Mama, haikufika."

"Nina macho."

"Tulikubaliana."

"Sijakataa."

Akaangalia shambani kwenye mabua yaliyosimama. Halafu akauliza, mbele ya watu wote wale, "Ile kona ya juu ulifanya nini?"

Mkamwana wangu akainamisha kichwa kwenye kikombe chake. Asingesema, na nilijua asingesema. Ningeweza kujibu kwamba ni baraka za Mungu, na watu wangeitikia amina, na heshima yangu ingebaki palepale. Na kesho yake shoka lingeingia porini. Nikaiangalia ile mizinga ya mume wangu kwa mbali. Jirani yangu wa ng'ambo alikuwa ameacha kunywa uji.

"Niliiba," nikasema. "Udongo wa porini kwa mkeo. Viroba vinne. Hiyo kona pekee ndiyo iliyojaza zile debe mbili za juu unazoziona. Yeye hafagii, ndiyo maana ana udongo. Mimi nimefagia pori langu mpaka nimelikausha, na majani yake nikayachoma, na mkanipigia makofi. Miti ile haizeeki, inakufa njaa. Mwenye kosa ni mimi. Sasa kama unataka kukata, kata, lakini ujue unakata nini."

Wee! Walicheka. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini, uji ukamwagikia kanga. "Pori safi!" anasema, anafuta machozi, "pori safi!" Nikamwacha acheke. Ilikuwa haki yake; habari yangu ya makofi aliivumilia miaka mingi.

Mwanangu hakucheka. "Kwa nini ulikuwa unafagia, mama?"

"Kwa ajili yako. Si nimekuambia habari ya kifutu?"

Akaniangalia. Halafu akachukua shoka lililokuwa limeegemea ukuta, akaanza kupanda kuelekea porini. Nikavaa mabuti yangu, nikamfuata. Mkamwana akafuata nyuma yangu.

Majani yalilia chini ya miguu yetu. Hakuwa amekanyaga mle tangu tulipopeana mikono. Alikwenda moja kwa moja kwenye mgunga mkubwa, akalizunguka shina, akatafuta mahali pa kusimama, akasukuma majani kwa mguu ili apate kukanyaga vizuri. Akasita. Akainama.

Mche wa mkwaju, urefu wa shubiri, na vijani vyake vile vya kupangana kama meno ya kitana. Pembeni yake mwingine. Akasogea kushoto, akasukuma majani kwa ncha ya shoka: miche ya mgunga, mitatu, miiba yake bado laini. Nami nilikuwa sijaiona, sikuwa nimefukua humo, niliogopa nikianza kufukua nitaanza kufagia. Nikapiga magoti pale na mabuti yangu. Mbegu zilikuwa zinadondoka kila mwaka. Kila mwaka nilikuwa nazikusanya pamoja na majani nazitia moto, na zilizonusurika nikazing'oa kwa mikono yangu, halafu mwanangu akaja kuniambia miti yangu haina watoto.

Yeye alikuwa amesimama na shoka, mguu wa kulia ameuinua, anatafuta pa kuuweka. Kila anapotaka kukanyaga kuna mche. Alikaa hivyo kwa mguu mmoja kama korongo, na ndevu zake zote.

"Sasa mti huu nikiuangusha," akasema, "nauangushia wapi?"

"Mimi sijui," nikamjibu. "Mkataji ni wewe."

Mkamwana wangu akashindwa. Kicheko kilimtoka kikapanda mpaka kwenye mawe kikarudi.

Mwanangu akarudi kinyumenyume, akikanyaga kwenye nyayo zake mwenyewe, mpaka akafika njia ya mbuzi. "Nusu haikufika, mama," akasema.

"Haikufika."

"Mwakani tunapima tena."

"Tutapima."

Akashuka na shoka begani. Nilibaki nikazungushia mawe madogo miche niliyoiona, halafu nikaacha, maana nilianza kuyapanga mawe yenyewe yalingane.

Uwanja wangu nafagia mpaka leo, kila asubuhi, mistari ileile. Majani ya uwanjani napeleka porini kwa kiroba na kuyamwaga, na kiberiti kinakaa jikoni. Juzi jirani yangu wa ng'ambo amesimama tena njiani, kashika kiuno, anaangalia kilimani.

"Bibi, pori lako limekuwa chafu kweli kweli."

"Karibu uingie ulione," nikamwambia. "Ila angalia unapokanyaga."